Nani Apakie Ruiru? Mjadala wa Vituo vya Ndege za Kimataifa na Uhuru Usio Uhuru

Utangulizi

Jioni ya Januari 15, 2024, nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Thika kwenda Ruiru. Redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Januari 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazingeruhusiwa kusafiri kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imelinyima shirika la Air Tanzania "uhuru wa tano" wa anga. Abiria mmoja akauliza kwa sauti: ule wa kwanza hadi wa nne ulikwenda wapi? Watu wakacheka. Mzee aliyeketi kando ya dereva akasema kwamba uhuru anaoujua yeye ulipatikana mara moja tu, mwaka 1963. Kicheko kikazidi, na taarifa ikapita bila yeyote kati yetu kuielewa.

Mimi pia sikuielewa, ingawa nilikuwa nikijiita mwanafunzi wa lugha. Tulipofika njia panda ya Ruiru, lori jeupe la kubebea maua, lenye mtambo wa baridi juu yake, lilikata kushoto na kuingia barabara ya baipasi ya mashariki kuelekea Embakasi. Habari iliyotuchekesha ilikuwa inalihusu lori lile kuliko ilivyomhusu msafiri yeyote wa matatu yetu, na hatukulitambua hilo.

Makala haya yanakusudia kulifumbua fumbo la jioni ile. Yataeleza maana ya haki za kutua na kupakia katika usafiri wa anga, jinsi haki hizo zilivyogeuka kuwa suala la kisiasa nchini Kenya na baina yake na jirani zake, na sababu ya mkazi wa Thika au Ruiru, ambaye pengine hajawahi kupanda ndege, kuwa na sehemu yake katika mjadala huo. Dai langu ni kwamba ubishi kuhusu vituo vya ndege husemwa kwa lugha ya heshima ya taifa, ilhali kiini chake ni swali la sokoni: nani aruhusiwe kupakia mzigo mlangoni pa nani? Swali hilo likisemwa wazi, mwenye mzigo naye ataweza kulijibu.

Kituo cha Mafuta na Kituo cha Mzigo

Hapo kale ndege ilitua njiani kwa kuwa haikuwa na budi. Katika miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilizoiunganisha Uingereza na makoloni yake ya Afrika zilisafiri kwa siku kadhaa, zikitua kituo baada ya kituo ili kujaza mafuta na kuwapumzisha abiria. Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, liliendeleza desturi hiyo. Hata lilipopata ndege za jeti aina ya VC10, safari ya Ulaya iliendelea kuwa na vituo. Ndege yake iliyopata ajali ikipaa kutoka Addis Ababa mnamo Aprili 18, 1972, na kuua watu 43, ilikuwa imetoka Nairobi na ilikuwa iendelee hadi Roma, kisha London.

Leo hali ni nyingine. Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilianza kusafiri kutoka Nairobi hadi New York bila kutua popote, mwendo wa kilomita zaidi ya 11,000 unaochukua saa 15 hivi. Ndege za namna hiyo zinaweza kuruka kutoka bara hadi bara kwa mafuta ya tangi moja. Mtu angetazamia basi kwamba ubishi kuhusu vituo vya njiani umekwisha. Kinyume chake, umekuwa mkali zaidi, kwa kuwa kituo kimebadilika maana. Zamani ndege ilitua ili ipate mafuta. Siku hizi hutua ili ipate abiria na shehena. Mafuta hayana mwenyewe wa kuyagombania. Abiria na shehena wanaye.

Mambo Yaliyoamuliwa Chicago

Mwishoni mwa mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado havijamalizika, wajumbe wa nchi zaidi ya hamsini walikutana Chicago, Marekani, ili kupanga namna ndege za kiraia zingesafiri duniani baada ya vita. Mkutano huo ndio uliozaa mkataba wa usafiri wa anga wa kimataifa na, baadaye, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga (ICAO) lenye makao yake Montreal, Kanada. Msingi wa mkataba huo ni kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kutokana na msingi huo, ndege ya kigeni haipiti wala haitui mpaka iwe na ruhusa.

Ruhusa hizo zilipangwa katika madaraja, na kila daraja likapewa jina la uhuru. Mbili za kwanza zilikubaliwa na nchi nyingi. Zile tatu zilizofuata, ambazo ndizo zenye fedha, hazikukubaliwa na wengi, kwa hiyo ikabidi nchi ziketi mbili mbili na kuandikiana mikataba. Ndiyo maana hadi leo safari nyingi za kimataifa hutegemea makubaliano ya serikali mbili, na ndiyo maana waziri wa mambo ya nje huhusika katika jambo ambalo mtu angedhani ni la rubani na mwenye shirika.

Mfano wa Matatu ya Thika

Ili madaraja hayo yaeleweke, tuache anga turudi barabarani. Tuchukulie kwamba Thika ni nchi, Ruiru ni nchi, na Nairobi ni nchi ya tatu. Tuchukulie pia kwamba matatu yetu ni ya Thika.

Uhuru wa kwanza ni ruhusa ya matatu ya Thika kupita Ruiru bila kusimama. Uhuru wa pili ni ruhusa ya kusimama Ruiru ili kutia mafuta au kubadilisha gurudumu, bila kumpakia wala kumteremsha mtu. Uhuru wa tatu ni ruhusa ya kuwachukua watu wa Thika na kuwateremsha Ruiru. Uhuru wa nne ni ruhusa ya kuwachukua watu kutoka Ruiru na kuwarudisha nao Thika. Hadi hapo hakuna anayelalamika sana, kwa kuwa matatu ya Ruiru nayo hupewa ruhusa iyo hiyo upande wa pili.

Uhuru wa tano ndio wenye kisa. Huo ni ruhusa ya matatu ya Thika, ikiwa safarini kwenda Nairobi, kusimama Ruiru, kupakia watu wa Ruiru, na kuwapeleka Nairobi. Hapo matatu ya kigeni imeingia katika soko la wenyeji. Imechukua abiria wa Ruiru ambaye angepanda matatu ya Ruiru, na imempeleka mahali ambapo matatu ya Ruiru hufika kila siku. Msomaji aliyewahi kusimama katika vituo vyetu vya barabara ya Thika anajua jinsi makanga wa kituo wanavyolipokea gari la nje linaloinama kupakia. Serikali nazo hupokeana hivyo hivyo, ila zenyewe hutumia barua na mihuri.

Lakini mfano huu una upande wake wa pili. Abiria wa Ruiru aliyenyeshewa tangu saa kumi na moja alfajiri, huku matatu za kwao zikiwa zimejaa au hazionekani, hajali gari limetoka wapi. Kwake yeye, gari la Thika lenye viti vitupu ni neema. Ubishi wote ninaoueleza katika makala haya unatokana na tofauti hiyo kati ya mwenye gari na mwenye safari.

Siku Mbili za Januari 2024

Sasa tunaweza kurudi kwenye habari ya redioni. Novemba 24, 2016, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya usafiri wa anga mjini Nairobi. Mwaka 2023 Air Tanzania ilipata ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767. Ndege ya mizigo ina tatizo ambalo dereva yeyote wa lori analijua: kwenda na mzigo na kurudi mtupu ni hasara. Ili ijaze tumbo lake, Air Tanzania iliomba kutua Nairobi na kupakia shehena ya kupeleka nchi ya tatu. Kwa lugha ya mfano wetu, matatu ya Thika iliomba kupakia Ruiru. Kenya haikukubali.

Tanzania ikajibu kwa kanuni ya kutendeana sawa, ambayo wahenga waliifupisha waliposema kwamba dawa ya moto ni moto. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania ikatangaza kwamba, kwa kuwa Kenya imevunja makubaliano ya 2016, kibali cha Kenya Airways cha kusafirisha abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kitaondolewa. Msomaji na auzingatie uzito wa jibu hilo. Ugomvi ulihusu mizigo, lakini waliotishwa ni abiria: wafanyabiashara, wagonjwa, wanafunzi na watu wa nchi hizi mbili wenye jamaa kote kuwili. Siku iliyofuata, Januari 16, baada ya mawasiliano kati ya Musalia Mudavadi wa Kenya na January Makamba wa Tanzania, waliosimamia mambo ya nje katika serikali zao wakati huo, Kenya ilitoa kibali cha mizigo na Tanzania ikaliondoa katazo lake kabla halijaanza kutekelezwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Agosti 2020, wakati wa janga la korona, Tanzania iliizuia Kenya Airways, na baadaye mashirika mengine madogo ya Kenya, baada ya Kenya kutoiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila kutengwa. Katazo hilo lilidumu hadi Septemba. Mara zote mbili, kibali cha kutua kilitumika kama fimbo katika ugomvi wa jambo jingine.

Kuna kinaya cha kihistoria hapa ambacho wapenzi wa fasihi watakitambua. Kabla ya mwaka 1977 ugomvi wa namna hii usingewezekana, kwa sababu shirika lilikuwa moja. East African Airways lilipovunjika mwaka huo pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, Kenya Airways na Air Tanzania zilizaliwa ndani ya majuma machache. Viwanja walivyokuwa wakivitumia kwa pamoja vikawa vya kuombana. Ndugu walipogawana nyumba, kila mmoja aliondoka na mlango wake, na tangu hapo wanabishiana hodi.

Mombasa au Nairobi?

Ubishi wa pili ni wa ndani ya nchi. Kwa miaka mingi wenye mahoteli na viongozi wa Pwani wamedai kwamba mashirika ya kigeni yaruhusiwe kutua Mombasa, katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, kwa wingi na bila masharti makali. Sera wanayoitaka hujulikana kwa jina la anga huru. Hoja yao inaweza kufupishwa kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtalii anayelazimika kushuka Nairobi, kungoja saa kadhaa na kupanda ndege nyingine huchoka, hulipa zaidi, na huenda akachagua Zanzibar ambako atashuka moja kwa moja. Kila kitanda kisicholaliwa ni mpishi asiyeajiriwa, mvuvi asiyeuza na mchongaji vinyago asiyenunuliwa.

Wapinzani wa sera hiyo nao wana methali yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanaeleza kwamba shirika la taifa huishi kwa kukusanya abiria kutoka miji midogo na kuwaleta pamoja Nairobi, ili ndege kubwa ziendazo mbali zijae. Shirika la Ghuba likimchukua abiria Mombasa na kumpeleka kwanza katika mji wake, kisha Ulaya au Asia, Nairobi imempoteza. Wakipotea wa kutosha, safari ya mbali itakosa faida na kufutwa. Hapo nchi itabaki ikitegemea mashirika ambayo yanaweza kuondoka siku yoyote bila kuaga.

Maamuzi ya serikali yameyumba kati ya hoja hizi mbili, mlango ukifunguliwa kidogo kidogo. Qatar Airways ilianza kutua Mombasa mwezi Desemba 2018. Flydubai ilianza Januari 17, 2024, yaani siku mbili tu baada ya lile tangazo la Tanzania. Katika juma lile lile, Kenya ilikuwa ikimkaribisha mgeni Mombasa na kubishana na jirani kuhusu Nairobi.

Tusidhani kwamba ubishi wa namna hii ni wetu peke yetu. Nchini Ayalandi, kwa miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege zilizosafiri kati ya nchi hiyo na Marekani zilitakiwa kutua Shannon, magharibi mwa nchi, hata pale ambapo abiria walikuwa wakienda Dublin. Mwanzoni sababu ilikuwa mafuta. Ndege zilipopata uwezo wa kuvuka bahari bila shida, sharti lilibaki kwa sababu ya ajira za watu wa magharibi na kura zao. Lililegezwa mwaka 1993 na kukoma mwaka 2008, baada ya mapatano ya anga huru kati ya Umoja wa Ulaya na Marekani. Kisa cha Shannon kinatufunza kwamba kituo kikishaota mizizi ya ajira, hakiondoki kwa hoja za marubani. Kinatufunza pia kwamba kumlazimisha msafiri apite mlangoni pako hakumfanyi akae.

Sisi nasi tumewahi kuonja uchungu wa kituo kinachoamuliwa na wengine. Mwaka 2009 shirika la Delta la Marekani lilikuwa tayari kuanza safari ya kutoka Atlanta hadi Nairobi kwa kupitia Dakar. Mkataba wa anga huru kati ya Kenya na Marekani ulikuwa umetiwa saini mwaka uliotangulia. Mwezi Juni, muda mfupi kabla ya safari ya kwanza, mamlaka za Marekani ziliizuia kwa sababu za usalama. Karatasi ya mkataba ilikuwepo, ndege haikuja.

Waridi Halingoji

Hadi hapa tumewasikia mawaziri, wenye mashirika na wenye mahoteli. Yuko wapi mtu wa Thika na Ruiru?

Viunga vya Thika vina mashamba ya maua na mboga za kuuzwa ng'ambo. Nanasi la Thika likishatiwa mkebeni linaweza kungoja meli. Kahawa ya Ruiru iliyokaushwa inaweza kungoja ghalani. Waridi halingoji. Hukatwa asubuhi, hutiwa majini, huchambuliwa kwa urefu wa shina na ukubwa wa tumba, hufungwa mafungu, kisha huingizwa katika chumba cha baridi chenye nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Kutoka hapo hupakiwa katika lori, hushuka barabara kuu ya Thika, hukata Ruiru, hupita Kamakis na Utawala, na kufika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Kila siku linalochelewa njiani ni siku moja inayopungua katika maisha yake ndani ya chombo cha maua cha mnunuzi, na mnunuzi anajua kuhesabu.

Jirani yangu mmoja hapa Ruiru, mama wa watoto watatu, hufanya kibarua cha kufunga maua upande wa Thika. Nilipomuuliza kama huwa anafuatilia habari za ndege, alinijibu: "Mwalimu, sisi hatujui ndege inatoka wapi. Tunachotazama ni baridi. Tukifika asubuhi tukute baridi bado imejaa, tunajua kesho hatuitwi." Kwa lugha ya shambani, "baridi" ndicho chumba cha kuhifadhia maua. Ndege ikikosekana, maua ya jana hayatoki. Ya jana yasipotoka, ya leo hayakatwi. Yasipokatwa, anayeyafunga hana kazi. Katika sentensi tatu mama huyu alieleza uchumi wa anga kuliko taarifa zote nilizozisoma.

Historia ya karibuni inamthibitisha. Mwezi Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa, maua ya Kenya yaliozea katika maghala, na baadhi ya shehena ikatafutiwa njia ya Hispania, kisha malori. Agosti 7, 2013, moto ulipoteketeza jengo la wageni wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta, ndege zilielekezwa Mombasa na kwingineko. Mwezi Machi 2020 Kenya iliposimamisha safari za abiria za kimataifa, ndege za mizigo ziliendelea kuruhusiwa, lakini nafasi ilipungua kwa ghafla, kwa maana sehemu kubwa ya shehena husafiri chini ya miguu ya abiria, katika tumbo la ndege za kawaida. Kenya Airways ilifikia hatua ya kuzitumia ndege zake za abiria kubebea mizigo.

Tukio hilo la mwisho ndilo linalotatiza hesabu. Laiti maua yangesafiri kwa ndege za mizigo pekee, jibu la mkazi wa Thika lingekuwa rahisi: milango yote ifunguliwe, kila mwenye ndege na aje apakie. Lakini kwa kuwa maua husafiri pia na abiria, nguvu ya Nairobi kama kitovu cha safari za abiria nayo ni nguvu ya shamba. Safari ya kila siku ya abiria kwenda Ulaya ni nafasi ya kila siku ya maua. Aliye na shamba ana sababu ya kumkaribisha mgeni, na ana sababu ya kumtakia heri mwenyeji.

Aidha, mkazi huyo ni mlipa kodi. Serikali ina takriban asilimia 48.9 ya hisa za Kenya Airways na imelibeba shirika hilo katika madeni yake. Mwezi Julai 2019 Bunge la Taifa liliunga mkono mpango wa kulitaifisha, mpango ambao haukukamilishwa. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 hivi, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja, kisha nusu ya kwanza ya mwaka 2025 likarudi katika hasara. Kwa hiyo mama wa Ruiru yumo katika sahani zote mbili za mizani: anaumia ndege ya kigeni ikinyimwa kutua, na anachangia hasara ya ndege ya kwao.

Kwa maoni yangu, njia ya busara ni kutenganisha mambo ambayo siasa huyachanganya. Haki ya shehena si haki ya abiria. Ndege ya mizigo ya jirani inayotua Embakasi usiku na kupakia maua ya Thika haimnyang'anyi mtu aliye mnyonge. Inapunguza msongamano katika chumba cha baridi. Kuinyima kibali kwa jina la kulinda shirika la taifa ni kumtoza mkulima gharama ya ulinzi ambao hakuuomba. Kwa upande wa abiria, hoja ya kukilinda kitovu ina uzito zaidi, lakini ulinzi wowote unafaa uwe na muda na masharti, na anayelindwa aeleze umma anaufanyia nini ulinzi huo. Nchi za Afrika zilikubaliana jambo la karibu na hili Yamoussoukro, Kodivaa, mwaka 1999, zilipoahidi kufunguliana anga, na zikalirudia Addis Ababa mwezi Januari 2018 zilipozindua soko la pamoja la usafiri wa anga, Kenya ikiwemo. Mapatano hayo yanahusu safari za ndani ya Afrika. Kwa safari za kwenda mabara mengine, ambako ndiko waridi linakokwenda, bado tunategemea mikataba ya nchi mbili mbili na nia njema ya wanaoisimamia.

Je, "Uhuru" Ndilo Neno?

Narudi sasa kwa yule mzee wa kwenye matatu. Kicheko chake kilikuwa na hoja ya kiisimu. Neno la Kiingereza lililotumiwa Chicago lilitafsiriwa kwa neno la kwanza lililopatikana, na neno hilo kwetu limebeba historia ya damu na bendera. Uhuru kwa Mswahili ni hali ya kutotawaliwa. Hauhesabiwi kwa nambari wala hauombwi kwa barua. Hiki kinachotolewa na mamlaka za usafiri wa anga huombwa, huwekewa masharti, na huweza kuondolewa kwa notisi ya juma moja. Kwa Kiswahili kitu cha namna hiyo kina jina: ni ruhusa au kibali.

Tofauti hii si ya mapambo. Ukisema kwamba Kenya imeinyima Tanzania uhuru, umewasha moto wa uzalendo pande zote mbili, na kila msikilizaji atasimama na bendera yake. Ukisema kwamba Kenya haikumpa jirani kibali cha kupakia shehena Nairobi, msikilizaji atauliza mara moja: shehena ya nani? Swali hilo la pili ndilo lenye manufaa, na neno la kwanza hulizuia lisiulizwe. Vivyo hivyo, "anga huru" huficha kwamba kuna mlango, bawabu na ada. Pengine "anga wazi" ingekuwa karibu zaidi na ukweli, maana kilicho wazi kinaweza kufungwa.

Napendekeza basi, kwa wanachama wenzangu na kwa wahadhiri wetu, kwamba tuzungumzie kibali cha kupita, kibali cha kutua, kibali cha kuleta, kibali cha kuchukua na kibali cha kupakia njiani. Majina haya matano yanajieleza, na hata asiyesoma Chicago atayaelewa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Habari iliyotolewa kwa maneno yasiyoeleweka ni habari iliyofichwa hadharani.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kituo cha ndege kilianza kama hitaji la mafuta na kikageuka kuwa hitaji la mzigo. Kwamba ruhusa za kutua zimepangwa kwa madaraja, na ile ya tano ndiyo yenye ugomvi kwa kuwa humwingiza mgeni katika soko la mwenyeji. Na kwamba misukosuko ya Nairobi na Dar es Salaam, pamoja na ile ya Mombasa na Nairobi, ni sura mbili za swali moja. Yamedai pia kwamba wenye mzigo, wakiwemo watu wa Thika na Ruiru, hawajasikika vya kutosha katika mjadala huo, na kwamba sehemu ya kosa ni ya lugha tuliyoutumia kuueleza.

Baada ya kuandika sehemu ya mfano wa matatu, nilimsomea yule jirani yangu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika sufuria mkononi, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, hiki kituo cha Ruiru chenyewe ni cha nani? Ni cha wenye matatu, au ni cha sisi tunaosimama hapo?" Sikumjibu papo hapo. Nalileta swali lake hapa chamani, nikitumaini kwamba miongoni mwetu wapo watakaolipeleka mbele zaidi, kwa Kiswahili ambacho yeye mwenyewe atakielewa.